Hedifoni ya gemu na hedifoni ya muziki ni ile ile

Nyumbani kwetu Nyegezi, Mwanza, hedifoni ni moja na wenyewe ni wawili. Mchana anaivaa baba, ambaye simu yake imejaa muziki wa dansi. Usiku anaichukua mdogo wangu, anacheza PUBG Mobile, gemu ya kupigana kwa bunduki, na wenzake mpaka mama amwambie azime taa alale. Watu wakisikia hivyo wananiambia nimemnyima kijana haki yake: hedifoni za gemu ni kitu kingine, zina taa, zina maiki ya kukunja, zimeandikwa 7.1 kwenye boksi. Wauzaji nao wanasema hivyo hivyo, na bei inapanda kwa kila taa iliyoongezwa.

Mimi naamini kabisa kwamba mwenye pesa kidogo anayetafuta hedifoni ya gemu na mwenye pesa kidogo anayetafuta ya muziki wanatafuta kitu kimoja. Bajeti ninayoizungumzia ni ya watu ninaoishi nao: wanafunzi wa Malimbe, wauza maduka wa Igoma, vijana wa bodaboda. Yaani kuanzia shilingi 20,000 hadi 120,000, na hiyo ya juu ni ya kujichanga miezi kadhaa.

Chukua muziki wa dansi. Ukiusikiliza kwa makini utakuta magitaa hayasemi jambo moja. Kuna solo linaloimba, kuna ridhimu linaloshikilia wimbo, mara nyingine kuna la tatu linapita katikati yao, na chini kabisa besi linatembea taratibu. Baba anaweza kukuonyesha kwa kidole pale kila gitaa linapoingia. Mvalishe hedifoni iliyojazwa besi, ridhimu linazama na solo linabaki kama linapigwa chumba cha pili. Ndivyo sikio la binadamu lilivyo: sauti nene ikiwa na nguvu mno inazifunika zilizo juu yake.

Sasa hamia kwenye gemu. Mlipuko, injini ya gari, ndege inayopita juu, zote hizo ni sauti nene. Mtu anayepanda ngazi, anayejaza risasi, anayekanyaga majani nyuma ya ukuta, hizo ni za kati na za juu, na ndizo zinazokuokoa. Hedifoni inayozamisha ridhimu la baba ndiyo hiyo hiyo inayozamisha hatua za adui wa mdogo wangu. Na singeli, inayokwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ni mtihani mkali kuliko yote: besi isiyotulia haraka inageuza ngoma nzima kuwa ngurumo moja. Kwa hiyo neno la kwanza la kuliogopa kwenye boksi ni lile la kusifia besi kubwa. Wapenda besi wasinielewe vibaya. Besi safi, inayopiga na kunyamaza, ni raha, na hedifoni nzuri ya bei ndogo inayo.

Kuhusu 7.1, yaani ahadi ya sauti kama ya spika nane zinazokuzunguka. Una masikio mawili tu, na yanakutosha kujua mbwa anabweka upande gani. Sauti inayotoka kushoto inalifikia sikio la kushoto mapema kuliko la kulia, tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kichwa chenyewe kinaipunguza nguvu kidogo kabla haijafika upande wa pili. Masikio, kwa umbo lake la mikunjo, yanaongeza habari ya mbele, nyuma, juu na chini. Gemu za kisasa nyingi zinaweza kupiga hesabu hizo zenyewe na kuzituma katika njia mbili, kulia na kushoto. Hedifoni nyingi zilizoandikwa 7.1 ndani zina spika mbili tu kama zingine zote. Kilichoongezwa ni programu, na mara nyingi programu hiyo inatia mwangwi unaovuruga kile gemu ilichokwisha kukipanga. Kama gemu yako ina chaguo la sauti ya hedifoni kwenye mipangilio, liwashe. Ni bure.

Bei nayo inadanganya. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali, akitazama jinsi kila moja inavyogawa sauti nene, za kati na nyembamba. Hakukuta uhusiano kati ya mgao huo na bei ya dukani. Hiyo haina maana kwamba za bei ghali ni wizi. Pesa hununua ngozi laini, chuma kigumu, utulivu wa kelele za nje. Lakini kwa sisi wa bajeti ndogo ni habari njema, maana jambo lenyewe tunalolihitaji halikufungiwa kwenye bei kubwa. Na wanaodhani gemu ina hedifoni za ukoo wake watazame HyperX Cloud, iliyopata sifa nyingi kwa wachezaji wa gemu za kompyuta kuanzia 2014. Asili yake ni Pro 80 ya kampuni ya Kichina ya Takstar, hedifoni ya kusikilizia muziki. Waliiongezea maiki.

Hapo ndipo swali gumu linapokuja: waya au Bluetooth?

Kwa muziki peke yake Bluetooth haina ubaya. Kwa gemu, ukiwa na pesa kidogo, nunua ya waya. Hedifoni nyingi za Bluetooth za bei ndogo zinachelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, nyingine zinafika 200 na kupita. Sehemu moja ya tano ya sekunde inaonekana ndogo mpaka uwe umesimama mlangoni na mwenzako amekwisha kufyatua. Na hapa kuna mtego ambao wauzaji wenyewe wengi hawaujui. Mteja anaomba kujaribu, muuzaji anamfungulia video ya mtu anayeongea, midomo na maneno vinakwenda pamoja, mteja anaridhika. Kwa video simu inajua sauti itachelewa, basi inaichelewesha picha vilevile ili vilingane. Kwenye gemu haiwezi, kwa sababu haijui wewe utabonyeza lini. Ukitaka ukweli, fungua gemu yenyewe pale dukani ufyatue risasi, au washa sauti ya kibodi ya simu uandike neno refu. Kama mlio unakuja baada ya kidole kuinuka, umejua. Zile zenye kitufe cha hali ya gemu zinapunguza ucheleweshaji, nyingine vizuri, nyingine kwa jina tu. Zipime kwa njia hiyo hiyo.

Kuna la pili kuhusu Bluetooth na linawaudhi watu bila wao kujua sababu. Ukiwasha maiki ya hedifoni ili uongee na wenzako, hedifoni za kawaida zinahama kutoka njia ya muziki kwenda njia ya simu. Sauti inakuwa ya upande mmoja, nyembamba, kama mtu anayeongea kutoka kijijini kwenye mtandao dhaifu. Kulia na kushoto vinapotea wakati ule ule unapovihitaji. Suluhisho ni kwenda kwenye mipangilio ya gemu, au ya kompyuta, uchague maiki ya simu au ya laptopu, hedifoni ibaki kusikiliza tu.

Zipo pia zisizo na waya zinazokuja na kidude cha kuchomeka kwenye USB, zinazotumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Hizo hazicheleweshi kiasi cha kusumbua, ni nzuri kweli, ila kwa bajeti hii utakachopata cha namna hiyo kitakuwa kimebana kwenye spika na betri. Zisubiri.

Waya nao una mambo yake. Tazama pini kabla ya kulipa, uhesabu pete nyeusi. Pete mbili maana yake ni kusikiliza tu. Pete tatu maana yake kuna maiki. Ukichomeka ya pete mbili kwenye simu hupotezi kitu, simu inaendelea kutumia maiki yake yenyewe na wenzako wanakusikia. Kompyuta za mezani za zamani zina matundu mawili, la kijani la kusikiliza na la waridi la maiki, kwa hiyo ya pete tatu itahitaji kigawanyio, waya mfupi wenye pini mbili. Waliozoea vibanda vya PlayStation kule Mabatini na Igogo wana bahati zaidi: pedi ya PS4 na ya PS5 ina tundu la milimita 3.5 chini, unachomeka hapo hapo, wakati hedifoni ya kawaida ya Bluetooth PlayStation haiipokei.

Simu nyingi siku hizi hazina tundu hilo. Utahitaji adapta ya USB-C, na hapo kuwa mwangalifu, maana ziko za namna mbili na kwa macho zinafanana. Moja ina chipu ndani inayobadilisha sauti yenyewe, na hiyo inakubali karibu simu zote. Nyingine ni waya mtupu, inafanya kazi kwenye simu chache zinazotoa sauti moja kwa moja kupitia tundu la chaji. Muuzaji anaweza asijue anayo ipi. Chomeka kwenye simu yako, sikiliza, ndipo ulipe.

Namba nyingine za kwenye boksi zipite haraka. Hezi 20 hadi 20,000 imeandikwa kila mahali, na ndio upeo wa sikio la kijana mwenye afya. Haikuambii sauti hizo zimegawanywaje. Kipenyo cha spika, milimita 40 au 50, hakisemi ubora. Namba moja ina maana: omu, kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukinza umeme. Za 16 hadi 50 hivi simu inazimudu. Ukikutana na ya omu 250, hata kwa bei ya kutupa, iache, kwa sababu simu itaichezesha kwa unyonge na utahitaji kikuza sauti.

Siku tuliyonunua ya nyumbani tulishuka mjini na mdogo wangu, tukaanzia Rwagasore tukamalizia upande wa Makoroboi. Kijana mmoja alitoa boksi linalometa. “Dada, hii OG kabisa, watu wa gemu wote wanachukua hii.” Nikamwambia, “Sawa kaka, naomba niichomeke kwenye simu yangu, wimbo mmoja tu.” Akasema boksi likifunguliwa limenunuliwa. Sikubishana naye, ndio biashara yake. Jirani yake alikuwa na moja imening'inia ukutani, imevaliwa na wateja mpaka imeisha mng'aro, na akatuacha tusikilize tulivyotaka. Tafuta duka la namna hiyo. Majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi, na feki ya jina kubwa mara nyingi ni mbaya kuliko OG ya jina dogo, kwa sababu pesa ya mwigaji imeishia kwenye nembo na boksi.

Ukipewa nafasi, anza na wimbo unaoujua vilivyo, sauti ya chini kwanza. Hedifoni mbaya ikiwa chini inapoteza maneno. Sikiliza mwanamke akiimba, halafu mwanaume; kama wote wawili wana mafua, rudisha. Kisha weka wimbo wenye mambo mengi uone kama unaweza kufuata chombo kimoja kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukipoteza. Mdogo wangu alifungua gemu, akasimama nyuma ya nyumba, akafumba macho akisikiliza gari linavyomzunguka. Muuzaji alimtazama kwa mshangao, lakini ndicho kipimo hasa. Jambo moja dogo: rekodi nyingi za zamani ni za mono, sauti ile ile kulia na kushoto, basi usizitumie kupima pande, utadhani hedifoni ni mbovu kumbe wimbo ndivyo ulivyorekodiwa. Mwisho shika waya karibu na pini uutikise. Ukisikia kukwaruza sasa, baada ya mwezi upande mmoja utakufa.

Kichwa chako ni sehemu ya sauti, na hili halisemwi vya kutosha. Hedifoni ya kufunika masikio inategemea mto wake ugande kwenye ngozi. Hewa ikivuja, besi inakimbia. Dada mwenye misuko minene, anayevaa hijabu chini ya hedifoni, mtu mwenye miwani ya miguu mipana, wote wanasikia besi ndogo kuliko muuzaji mwenye kipara. Wajaribu wakiwa vile wanavyokuwa kila siku. Mara nyingi kwa hao nawashauri ia-foni za mpira zinazoingia tundu la sikio, na wapime ukubwa wote wa mipira iliyomo kwenye boksi, hata kulia na kushoto kwa saizi tofauti, kwa sababu masikio ya mtu mmoja huweza kutofautiana. Ia-foni za namna hiyo zimekuwa nzuri ajabu miaka hii. Moondrop Chu ilipotoka 2022 iliuzwa kama dola 20 za Marekani, na inapanga sauti kwa adabu ambayo hedifoni nyingi kubwa za bei mara tatu hazina.

Joto letu nalo. Mito ya ngozi bandia inakula jasho, na unyevu wa ziwani haiupendi; inaanza kupasuka, halafu inamwaga vipande vyeusi shingoni. Mto wa kitambaa unapumua zaidi ingawa unapunguza besi kidogo. Cha maana ni kuuliza kama mto unatoka. Unaotoka unanunuliwa mwingine. Uliogundishwa ukiisha na hedifoni imekwisha.

Waya ukikatika usitupe. Wa baba ulikatika pale pale zinapokatika zote, kwenye shingo ya pini, na nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza redio. Alikata kipande, akamenya ganda, zikatoka nyaya nyembamba kuliko uzi wa kushonea: nyekundu, kijani, na za rangi ya shaba. Mimi nilidhani ataunga hapo hapo. “Mwanangu, hizi zimepakwa vanishi,” akasema. “Ukiunga hivi risasi ya kuchomelea haishiki.” Akazigusa kwa ncha ya moto mpaka rangi ikaungua na shaba ikang'aa, ndipo akachomelea: nyekundu kulia, kijani kushoto, za shaba pamoja kwenye mguu wa pini. Fundi asiyejua habari ya vanishi atakuunganishia na kesho itazima, na wewe utadhani hedifoni imekufa. Ndiyo maana napenda zaidi zile ambazo waya unachomoka kabisa kwenye kikombe. Ukikatika unanunua waya, si hedifoni.

Naomba niseme la masikio kwa uzito, hasa kwa wadogo zangu. Kwenye daladala ya Igoma kuna injini, kuna redio ya dereva, kuna konda. Kwenye feri ya Kamanga injini haisimami. Mtu mwenye hedifoni isiyozuia kelele anapandisha sauti ishinde hayo yote, na jioni anapiga gemu saa nne kwa sauti hiyo hiyo kwa kuwa sikio limezoea. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha sauti yenye nguvu ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka muda unagawanywa kwa mbili, hata ukifika desibeli 90 zimebaki saa 4 tu, kwa wiki nzima. Sikio lililokufa halioti tena. Ia-foni ya mpira iliyokaa vizuri inakupa ukimya, na ukimya unakuruhusu kushusha sauti. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuipendelea kwa anayesafiri kila siku. Kwa ajili hiyo hiyo hedifoni za mgongo wazi, zile zenye matundu nyuma ya kikombe, zisikushawishi kama unalala bweni. Sauti yake ni pana na tamu, lakini kelele za chumba zinaingia na gemu yako inawafikia wote.

Ukishanunua kuna kazi moja ya bure. Kwenye Android pakua Wavelet, tafuta jina la hedifoni yako kwenye orodha yake, na kama lipo itakurekebishia mgao wa sauti yenyewe. Kwenye Windows ipo Equalizer APO. Kama hedifoni yako haimo, rekebisha kwa mkono, na kanuni yangu ni kupunguza kuliko kuongeza: shusha besi kidogo kabla hujapandisha kitu kingine, halafu ongeza sauti ya jumla. Hatua za adui zitajitokeza zenyewe na ridhimu la baba pia.

Basi, kwa mwenye shilingi 20,000 au 30,000 leo, atafute ia-foni ya waya yenye mipira na pini ya pete tatu, aijaribu, achukue. Akifika 60,000 aulize Moondrop au KZ kwa wanaoagiza kutoka nje, waya uwe wa kuchomoka. Akikaribia au kuvuka kidogo 120,000 na anataka ya kufunika masikio, mimi ningechukua Audio-Technica ATH-M20x kama inapatikana: haina maiki, haina taa, ina omu 47 ambazo simu inazimudu, na waya wake wa mita 3 hautoki, unafaa kwa anayekaa mbali na kompyuta na unasumbua barabarani, uufunge kwa mpira wa pesa. Maiki ya simu itatosha kuongea na timu. Chenji ikibaki, nunua adapta ya pili ya USB-C uifiche kwenye begi, kwa sababu hizo ndizo zinazopotea kwanza.